Jinsi ya Kushangilia Bao Bila Kumdhalilisha Mpinzani: Somo Kutoka Hoki ya Barafuni

Katika hoki ya barafuni, hasa katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, ipo adabu ya kushangilia ambayo wachezaji huilinda kwa ukali kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa. Mfungaji hunyanyua mikono, wenzake walio uwanjani humkumbatia, kisha wote hupita mbele ya benchi lao wakigonganisha glavu na walioketi, na mchezo huendelea. Mwongozo huu ni kwa mchezaji anayetaka kubaki ndani ya adabu hiyo bila kuizima furaha yake, na kwa kocha anayemlea. Furaha ni haki ya aliyefunga, na wanaomtaka aondoke na uso mkavu kana kwamba hakuna kilichotokea nadhani wanaukosea mchezo sawa na wanaomcheka kipa aliyeanguka.

Kabla ya yote, fahamu kwa nini hoki ni kali kuliko soka katika jambo hili. Wachezaji wanaruhusiwa kugongana kwa miili, kila mmoja ameshika gongo na anateleza kwa kasi kubwa juu ya viatu vyenye vyuma vikali, na uwanja umezungushiwa ukuta. Dharau ndogo huweza kulipwa kwa pigo dakika hiyohiyo. Tarehe 10 Februari 2024, Ridly Greig wa Ottawa Senators alijikuta peke yake mbele ya goli tupu la Toronto Maple Leafs, kwa kuwa Toronto walikuwa wamemtoa kipa wao ili kuongeza mshambuliaji. Kisahani kile kigumu kinachochezewa badala ya mpira kingeingia kwa kusukumwa tu, lakini Greig alikikung'uta kwa nguvu zake zote akiwa hatua chache kutoka golini. Morgan Rielly wa Toronto alimfuata na kumpiga kwa gongo sehemu ya kichwani, naye akafungiwa mechi 5. Greig hakuvunja kanuni yoyote, na Rielly ndiye aliyestahili adhabu. Hata hivyo, mchezaji mwenye busara anapaswa kujua kwamba shuti lile lilikuwa ni ujumbe, na kwamba kila mtu uwanjani aliusoma.

Swali la kwanza la kujiuliza baada ya kufunga, basi, ni hili: uso wangu unaelekea wapi? Geukia watu wako. Mkimbilie aliyekupa pasi, nenda kwenye benchi lako, wasalimie mashabiki wako. Usipite mbele ya benchi la wapinzani, usisimame juu ya kipa, usiweke kidole mdomoni kuwanyamazisha. Mchezaji anayeyatawala haya peke yake ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu mbwembwe nyingi zinazochukiza hazichukizi kwa ukubwa wake bali kwa mwelekeo wake. Carolina Hurricanes, katika msimu wa 2018-19, walibuni maigizo ya ushindi ya kila aina katika uwanja wao wa nyumbani, na mtangazaji maarufu wa Kanada, Don Cherry, aliwakemea vikali kwenye televisheni. Mimi sikubaliani naye. Maigizo yale yalifanyika baada ya mechi kumalizika, mbele ya mashabiki wao wenyewe, na hakuna mpinzani aliyekuwa akifanyiwa dhihaka.

Swali la pili linahusu matokeo na saa. Mwaka 1991, katika mechi ya 6 ya mfululizo wa mchujo kati ya timu mbili, Theo Fleury wa Calgary Flames aliwafunga Edmonton Oilers katika muda wa nyongeza, akavuka uwanja akiteleza kwa magoti huku wenzake wakimkimbiza. Januari 2013 Nail Yakupov wa Edmonton alifanya karibu hivyohivyo baada ya kusawazisha dhidi ya Los Angeles Kings zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 5. Bao la namna hiyo linabeba shangwe kubwa, na ni vigumu kumlaumu anayezidiwa nayo. Shangwe hiyohiyo, ikifanywa wakati timu yako inaongoza kwa mabao 8, haimwambii mtu yeyote kwamba umefurahi, bali inamwambia aliyefungwa kwamba hana thamani.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika soka. Juni 2019, kwenye Kombe la Dunia la Wanawake nchini Ufaransa, Marekani iliifunga Thailand 13-0, na wengi waliudhika kuona bao la tisa na la kumi yakishangiliwa kwa nguvu kama la kwanza. Lazima tutofautishe mambo mawili hapa. Kuendelea kufunga hakukuwa kosa, kwa kuwa katika hatua ya makundi tofauti ya mabao huweza kuamua nafasi ya timu, na kumwonea mpinzani huruma kwa kuacha kucheza ni dharau ya aina nyingine. Kilichopaswa kupungua ni shangwe. Alex Morgan, aliyefunga mabao 5 siku hiyo, alionekana baada ya filimbi akimfariji mchezaji wa Thailand, jambo ambalo naliheshimu, ingawa lingekuwa na uzito zaidi kama kipindi cha pili kingeonyesha utulivu huohuo.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndipo wachezaji wenye kipaji wanapoonewa mara nyingi. Watazamaji wa soka wa Afrika Mashariki wanajua vizuri tobo na kanzu. Beki amekubana kwenye mstari, hakuna njia nyingine, ukampiga tobo ukaendelea na safari: huo ni mchezo. Ukisimama ukamsubiri ainuke ili umpige la pili, umeacha kucheza mpira na umeanza kumchezea mtu. Pima hila yako kwa kuuliza kama inatatua tatizo. Tarehe 29 Oktoba 2019, Andrei Svechnikov wa Carolina alikinyanyua kisahani kwa gongo lake akiwa nyuma ya goli la Calgary, akakipachika kwenye kona ya juu, na kuwa wa kwanza kufunga hivyo katika NHL. Timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja, na nafasi ya kawaida haikuwapo. Linganisha na Tomas Hertl wa San Jose Sharks, kijana wa miaka 19, ambaye Oktoba 2013 alifunga bao lake la nne usiku mmoja dhidi ya New York Rangers kwa kupitisha gongo katikati ya miguu yake, wakati mechi ilikuwa imeshaamuliwa zamani. Bao lilikuwa zuri ajabu na sioni kwamba alitaka kumdhalilisha mtu, lakini kama kijana wangu angenisikiliza, ningemwambia ahifadhi bao la namna hiyo kwa mechi iliyo sare.

Maliza kazi kabla ya kujionyesha. Lindsey Jacobellis wa Marekani alikuwa akiongoza kwa mbali fainali ya mbio za ubao wa theluji kwenye Olimpiki ya Turin mwaka 2006, akaongeza madoido hewani karibu na mwisho, akaanguka, na Tanja Frieden wa Uswisi akampita na kuchukua dhahabu. Jacobellis aliipata dhahabu yake Beijing mwaka 2022, miaka 16 baadaye.

Ukifanyiwa mbwembwe wewe, usijibu kwa gongo wala kwa kiwiko. Mwachie refa, ambaye katika hoki anaweza kumtoa mkosaji kwa dakika 2 kwa utovu wa nidhamu na kuiacha timu yake pungufu, na katika soka anaweza kuonyesha kadi ya njano kwa ishara za kuchochea au kudhihaki. Bao unalofunga wakati wao wako pungufu ndilo jibu linaloingia kwenye matokeo.

Kocha, zungumza na wachezaji wako juu ya haya kabla ya msimu, si baada ya aibu. Mkubaliane kwamba mkiongoza kwa mabao mengi waliozoea benchi wataingia, na mabao yatapokelewa kwa kugonganisha glavu tu. Wafundishe pia kupeana mikono, desturi ambayo NHL huifanya mwisho wa kila mfululizo wa mchujo: glavu ya mkono wa kulia ivuliwe, mtu atazamwe usoni, neno fupi la heshima lisemwe. Mchezaji aliyevuka mpaka wakati wa mechi aitumie foleni hiyo kumwomba radhi aliyemkosea, kwa jina kama analijua, na kocha asimkaripie mbele ya watu, bali wakae naye siku ya mazoezi na kuitazama picha ya tukio pamoja.