SOMO: Mwani mdogo wa maji ya bahari, kutoka chupa hadi bwawa

Wanakikundi, salaam kutoka Bagamoyo. Mmeniuliza jinsi ya kupata maji ya kijani ya kutosha kwa vifaranga vya samaki aina ya mwatiko. Simaanishi mwani unaofungwa kwenye kamba kule Mlingotini. Huu huuoni kwa macho mpaka uzaane, ndipo maji yanageuka rangi.

1. Mbegu. Anza na mbegu safi ya maabara. Mimi nachagua aina iitwayo Tetraselmis kwa sababu ukizima pampu ya hewa inatuama yenyewe, na kuvuna kunakuwa rahisi. Aina nyingine, Nannochloropsis, ni ndogo mno, mikroni (elfu za milimita) 2 hadi 4, inapenya kitambaa chochote.

2. Maji. Vuta wakati bahari imejaa, chuja, kisha tia klorini ya unga (ya asilimia 65–70) gramu 30 kwa lita 1,000. Acha usiku kucha. Kesho yake pulizia hewa juani hadi kile kipimo cha klorini cha mabwawa ya kuogelea kionyeshe sifuri. Usitegemee pua.

3. Mbolea. Za dukani zinatosha: kwa lita 1,000 natia SA (salfeti ya amonia) gramu 100, urea 10–15 na TSP (mbolea ya fosfeti) 10–15. TSP iloweke tangu jana yake, ni ngumu kuyeyuka.

4. Ngazi. Hapa ndipo wengi tunapoharibikiwa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga lita 200 za mbegu kwenye bwawa la lita 100,000. Baada ya siku chache maji yakawa ya kahawia: mwani wa porini ulikuwa umewahi, nikafungulia bwawa zima. Mbegu ikiwa chache, mwanga na mbolea vinabaki vingi, na chochote kilichoingia na maji kinajilia bila mpinzani. Siku hizi napanda hivi: chupa ya mililita 250, lita 2, 20, 200, 2,000, 10,000, ndipo bwawa. Kila ngazi siku 4 hadi 7, na mbegu isipungue sehemu moja ya kumi ya maji mapya. Chupa mbili za akiba hazitoki ndani kamwe.

5. Bwawa. Tandika turubai, kina sentimita 20–30, gurudumu la makasia lizungushe maji mchana kutwa. Yakisimama, mwani unalala chini na kuoza.

6. Kuvuna. Chota robo, rudishia maji safi yenye mbolea.

MASWALI

— Kaka, jua la kaskazi limepunguza maji bwawani. Niongeze ya bahari?
Hapana, dada. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Ongeza maji baridi (yasiyo na chumvi) ya kisima, ukipima chumvi hadi irudi gramu 30–35 kwa lita.

— Shikamoo mwalimu. Masika mto Ruvu ukifurika tunafanyaje?
Marahaba. Tetraselmis inavumilia chumvi kushuka. Tope ndilo linaloziba mwanga. Jaza matangi kabla ya mvua kuanza.

— Jana kijani kibichi, leo maji meupe na vidoa vinatembea.
Hao ni rotifa, wadudu wadogo wa majini wanaokula mwani, wamekula shamba lako. Usichote mbegu humo hata kikombe. Chuja rotifa uwape vifaranga, ni chakula chao kizuri. Halafu osha bwawa, mabomba na ndoo kwa klorini, anika juani hadi vikauke kabisa, uanze tena na ile chupa ya akiba.