Mfuko wa pensheni wa kanisa: mambo ya kuzingatia kabla barua haijafika

Kama unafanya kazi Marekani katika ofisi ya dayosisi, shule au hospitali yenye jina la mtakatifu mlangoni, usianze kwa kuuliza mfuko wako wa pensheni una fedha kiasi gani. Anza na hili: je, kisheria mfuko huo ni mpango wa kanisa?

Sheria ya ERISA ya mwaka 1974, sheria ya Marekani inayolinda pensheni za wafanyakazi, inawabana waajiri wa kawaida. Lazima wachangie kiasi cha kutosha, wawape wanachama taarifa ya hali ya mfuko kila mwaka, na walipe ada kwa PBGC, shirika la serikali linaloendelea kulipa pensheni mfuko ukifa. Mpango wa kanisa umesamehewa yote hayo, isipokuwa kanisa lenyewe likiamua kujiunga. Na msamaha hauishii kwa mapadri na wachungaji. Mwaka 2017, katika kesi ya Advocate Health Care Network dhidi ya Stapleton, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata mpango ulioanzishwa na hospitali, si na kanisa, unaweza kupata msamaha huo iwapo unaendeshwa na chombo chenye uhusiano na kanisa kilichoundwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo muuguzi, mpishi au mhasibu, pengine hata si muumini wa dhehebu hilo, anaweza kuwa amekaa kazini miaka 30 bila bima yoyote juu ya pensheni yake.

Wafanyakazi wa hospitali ya St. Clare's huko Schenectady, jimbo la New York, wanalijua hili kwa machungu. Hospitali ilifungwa mwaka 2008, na jimbo likatoa dola milioni 28.5 ili kuupa mfuko nguvu. Miaka 10 baadaye watu wakaambiwa mfuko unavunjwa. Zaidi ya 650 hawakupata kitu. Wengine wapatao 450 walilipwa mara moja tu asilimia 70 ya thamani ya walichodai. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alifungua kesi mwaka 2022, akidai kwamba kwa takriban miongo miwili michango ya mwaka ilitolewa katika miaka miwili tu. Ninachokitazama mimi hapo ni ile miaka 10 ya katikati. Hundi inayoingia kila mwezi haisemi lolote kuhusu kilichobaki kwenye sanduku.

Kwa hiyo andika barua, kwa tarehe na nakala yako, ukiomba hati ya mpango, hesabu zilizokaguliwa na ripoti ya mwisho ya tathmini ya uhai wa mfuko. Sheria inaweza isiwalazimishe kukupa, lakini kunyimwa nako ni jibu. Ukiipata ripoti, usikimbilie asilimia iliyoandikwa kwa herufi nene, ile inayolinganisha fedha za mfuko na madeni yake. Tafuta kiwango cha faida walichokisia mfuko utapata. Deni la dola 100,000 litakalolipwa baada ya miaka 20, ukikisia faida ya asilimia 7 kwa mwaka, leo linaonekana kama dola 25,800 hivi. Kwa asilimia 4 deni lilelile ni kama dola 45,600. Mfuko unaweza kuonekana mzima kwa sababu tu ya matumaini ya mtu mmoja mwenye kikokotoo.

Katika hati ya mpango, kuna kifungu ambacho mimi ningekisoma kabla ya vingine vyote: kile cha kuvunjwa kwa mfuko. Mara nyingi kinasema mafao yatalipwa kutokana na mali ya mfuko pekee, maana yake mwajiri hatatoa senti kutoka mahali pengine. Angalia pia nani analipwa kwanza fedha zikipungua. Kwa kawaida waliokwisha kustaafu hutangulia, na mwenye miaka 50 anasimama nyuma ya foleni.

Barua zako za zamani, hati za mshahara na vijitabu vya mafao viwe nyumbani, si kwenye barua pepe ya kazini. Siku ukiachishwa, akaunti hiyo hufungwa kabla hujafika nyumbani.

Wachungaji wana jambo lao. Wapo waliojaza fomu 4361 miaka ya mwanzo ya utumishi, wakajitoa katika Social Security, mfumo wa serikali wa mafao ya uzeeni, kwa sababu za dhamiri. Aliyefanya hivyo na pia akategemea mfuko wa kanisa ameweka mayai yote kwenye kapu lililotoboka, maana huenda asifikishe pointi 40 zinazohitajika kupata mafao ya serikali kwa kazi yake. Fungua taarifa yako ya Social Security sasa, uhesabu.

Ukipewa fursa ya kuchukua fedha zote kwa mkupuo, usiitie hundi mfukoni. Fedha zikipitia mikononi mwako asilimia 20 hukatwa papo hapo kwa ajili ya kodi, na una siku 60 tu za kuziweka katika akaunti nyingine ya uzeeni. Ziagize zihamishwe moja kwa moja. Lakini mchungaji atulie kwanza: pensheni inayotoka kwenye mpango wa kanisa inaweza kutengwa kuwa posho ya nyumba isiyotozwa kodi ya mapato, na zikishahamia akaunti ya kawaida ya IRA, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, faida hiyo hupotea.

Dayosisi ikikimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi chini ya Sura ya 11, kama ya Albany ilivyofanya Machi 2023, mahakama hupanga tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai. Wengi huona haya kulidai kanisa, wakakaa kimya hadi tarehe ikapita. Fomu ya madai si matusi kwa askofu. Na wakili mmoja kwa kundi la wastaafu hugharimu kidogo kuliko mmoja mmoja. Mtafuteni mapema, kwa kuwa sheria za majimbo zina ukomo wa muda wa kushtaki.

La mwisho ni la nyumbani. Chini ya ERISA, mwenye ndoa hawezi kuchagua pensheni inayokoma akifa bila mwenzake kutia saini. Mpango wa kanisa haubanwi na kanuni hiyo. Muulize mwenzi wako leo kama aliwahi kuiona fomu ya kuchagua aina ya pensheni, na ni kisanduku kipi kilichotiwa alama.