Kuingia mikokoni Ruvu: tazama mwezi kwanza

Mto Ruvu unapomwagika baharini, kaskazini kidogo ya Bagamoyo mjini, hakuna gati, choo wala kibao cha kukuonyesha njia. Nimekuwa nikipeleka wanafunzi wangu wa baiolojia huko, na kabla ya kupanga siku, natazama mwezi.

Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri, na kufika saa nne asubuhi yamekupwa. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Saa tatu tukakwama topeni, tukakaa hadi adhuhuri mbu wakitula, nahodha amefunika uso kwa kofia anakoroma. Siku hizi nachagua maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, tarehe 7 au 8, au 22 hivi, ya mwezi mwandamo. Hapo maji hujaa karibu saa nne asubuhi, tena kwa upole. Tunaingia saa moja na nusu yakitusukuma kwenda juu. Yakianza kutoka, tunageuza nayo.

Mtumbwi uchukue pamoja na mwenyewe, mzee anayevua humo. Shikamoo kwanza, bei baadaye, kisha umuulize viboko wako wapi, maana wanahama. Beba kafi mbili, upondo na kopo la kutolea maji yanayoingia mtumbwini. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisigeuzwe mto wa kukalia. Watoto wa pwani wana kiburi cha kuogelea, lakini kuna mamba: mkono usining'inie nje. Kwenye kona gongeni ubavu wa mtumbwi kwa kafi, kiboko asikie mnakuja. Ukimwona yuko nchi kavu, usikae kati yake na maji.

Sasa somo. Anzeni na mpia, aina ya mkoko unaotangulia kuikabili bahari, mizizi yake imesimama topeni kama vijiti ili ipate hewa. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda, na mbegu yake huota ikiwa bado mtini. Mtoto akiiona hasahau. Mkomafi una tunda kama mpira: likipasuka, jaribu kuzirudisha mbegu zake zikae zilivyokuwa. Mimi bado sijaweza. Kisha kila mmoja alambe jani la mchu asikie chumvi ambayo mti umeitoa. Jani moja latosha, na matawi yaachwe: mikoko inalindwa kisheria.

Mkiupanda mto zaidi, mikoko hupungua na matete huanza, kwa sababu maji ya mto kutoka milima ya Uluguru yanaishinda bahari. Hapo ndipo nawaandikisha walichoona: yangeyange, mdiria, furukombe.

Madaftari nayaweka kwenye ndoo yenye kifuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019. Waandike kwa penseli. Wino ukilowa unachuruzika, na mwaka ule wa kwanza tulirudi na kurasa za bluu tupu.