Sampu ya lori iliyoliwa na kutu: jinsi ninavyoibadilisha hapa Kasese

Malori yanayobeba chumvi ya Ziwa Katwe huanza kuoza kwa chini. Tope la pale lina chumvi, matairi ya mbele hulirushia sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), na rangi ikishabanduka, kutu haisimami tena. Dereva akiona doa la oili chini ya injini asubuhi, asiondoke.

Kwanza kwangua kwa brashi ya waya, kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati likibonyea, badilisha sampu nzima. Wengi huniomba niichomelee ikiwa bado kwenye gari. Sikubali: mvuke wa oili ndani unaweza kulipuka, na bati jembamba huyeyuka kabla halijashika. Gundi ya chuma ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Paka dawa ya kulegeza kutu kwenye bolti tangu jioni. Kesho yake egesha pakavu na tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, chomoa waya wa hasi wa betri. Ukiinua lori, liweke juu ya stendi. Usilale chini ya lori linaloshikiliwa na jeki tu. Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu. Lori la kati linaweza kuwa na zaidi ya lita 10, kwa hiyo tafuta beseni kubwa. Oili hiyo isimwagwe ardhini. Sisi tunakunywa maji ya mito hii.

Fungua bolti kwa soketi ya pembe sita, ukiacha nne za pembeni mwisho, huku jeki yenye ubao ikishikilia sampu. Sampu ikigoma kutoka, pitisha kisu chembamba kati yake na bloku ya injini. Ukichokonoa kwa bisibisi utakwaruza uso wa bloku, na hapo patavuja daima.

Sampu ya mtumba haina ubaya ukiijaribu. Paka chaki nje, mimina mafuta ya taa ndani, iache usiku kucha. Mafuta ya taa hupenya tundu ambalo maji hayapiti, na chaki italionyesha. Weka rula kwenye ukingo pia: matundu ya bolti yaliyovutwa juu yanyooshwe kwa nyundo ndogo.

Safisha chujio la pampu ya oili, kisha kwangua gasketi ya zamani (kizibo chembamba kati ya sampu na bloku) pande zote mbili hadi uso uwe mkavu kabisa. Mstari wa silikoni wa milimita 3 unatosha, upite upande wa ndani wa matundu. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko miwili. Bolti za M8 (unene wa milimita 8) hukazwa kwa karibu Nm 20, kipimo cha nguvu ya kukaza, lakini kitabu cha injini yako ndicho kinachoamua. Kama badala ya silikoni unatumia gasketi ya koki (ya gome la mti), ikitokeza nje, umeshaipasua.

Subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu, jaza oili, washa. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde 10, zima injini mara moja. Ikizimika, iache ingurume dakika chache, kisha ingia chini na tochi. Bolti za gasketi ya koki zikazwe tena mara moja tu, baada ya safari ya kwanza; silikoni iliyokauka usiiguse. Na kila urudipo kutoka Katwe, osha sampu kwa maji yasiyo na chumvi.