Somo: Sensa ya unyevu wa udongo isiyo na betri, na kwa nini ya kwangu ilikuwa inakata saa nne usiku

Wakuu habari za kazi. Hili somo niliahidi zamani nikawa nasogeza mbele tu, leo mvua imenifungia ndani acha nimalize. Sensa yenyewe iko kwenye vitunguu vya mjomba Ruaha Mbuyuni, inapima unyevu wa udongo kila robo saa na kutuma kwa LoRa (redio inayofika mbali kwa umeme kidogo) mpaka nyumbani, kama kilomita moja na nusu hivi. Betri haina hata moja. Kuna kipaneli cha nusu wati na kapasita mbili kubwa (vifaa vya kutunza chaji kwa muda), basi.

Mtu atauliza kwa nini nijitese. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walienda kutega sensa zisizo na waya kwenye mashimo ya ndege wa baharini, kisiwa kinaitwa Great Duck Island huko Maine, Marekani. Kazi nzuri, ila roho ya zile sensa ilikuwa betri, na betri ikiisha inabidi uende ukamsumbue ndege yuleyule uliyesema hutaki kumsumbua. Ndo maana utafiti mwingi baada ya hapo ukahamia kwenye kuvuna nishati, na 2007 Aman Kansal na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, hukohuko Marekani, wakaliweka kihesabu: kifaa kisile zaidi ya kinachovuna, mavuno yakipungua kipunguze kula. Mjomba nilipomwelezea akanishangaa, kwamba hayo ndo ya kusomea? Ghala likipungua si mnapunguza sufuria.

Haya tuanze.

Hatua ya 1, piga hesabu ya usiku kabla hujanunua chochote. Wengi tunakimbilia paneli, ila mchana sio tatizo kabisa. Kipaneli changu cha volti 6 jua likiwa kali kinatoa kama miliampea 80, kinajaza hizo kapasita toka sifuri ndani ya dakika mbili hivi, hata wingu likipunguza mpaka sehemu moja ya kumi bado ni kama dakika 20. Shughuli ni zile saa 12 za giza.

Kapasita zangu ni mbili za volti 2.7 farad 3.3 kila moja, nimeziunga mfululizo kwa hiyo unapata farad 1.65. Zinaanza usiku zikiwa na volti 4.7, na zikifika 3.5 regyuleta (kifaa kinachoshikilia volti zisiyumbe) inaanza kuishiwa. Tofauti ni volti 1.2, zidisha kwa 1.65, unapata kulombu 2 (kulombu ni kipimo cha chaji, ampea 1 kwa sekunde 1). Huo ndo mshahara wako wa usiku mzima, andika ukutani.

Hatua ya 2, muunganiko. Paneli inaingia kwenye regyuleta ya volti 5 (mimi nimetumia MCP1702), inatoka inapita kwenye dayodi ya BAT85 ili usiku chaji isirudi nyuma, halafu kapasita, halafu MCP1700 ya volti 3.3 ndo inalisha Pro Mini (kibodi kidogo cha Arduino, ndo ubongo) na redio ya RFM95 (ndo ya LoRa). Usiunge paneli moja kwa moja kwenye kapasita, paneli ya volti 6 ikiwa haina mzigo inapanda kupita 7 na kapasita zako mwisho ni 5.4. Sambamba na kila kapasita weka rezista ya megaohm 1 zigawane volti sawa. Ukiweka ya kilo-ohm 100 ili uwe na uhakika zaidi umejiibia mwenyewe, zitakula maikroampea 25 bure, zaidi ya kifaa kizima kikiwa kimelala.

Hapa nilipoteza wiki mbili: mwanzo nilinunua ile kapasita bapa kama sarafu ya volti 5.5, nikaona nimerahisisha. Kumbe ukinzani wake wa ndani unafika makumi ya ohm. Redio ikivuta miliampea 87 kwenye ohm 30 inadondosha volti 2.6 palepale, kifaa kinazima, kinawaka, kinajaribu kutuma, kinazima. Nikalaumu programu, nikalaumu antena, nikabadilisha mpaka redio. Chukua zile za mviringo ndefu.

Hatua ya 3, lalisha kila kitu. Kwenye Pro Mini ng'oa kitaa kile kinachowaka muda wote pamoja na regyuleta yake, kwa ncha ya solda tu vinatoka. Usidharau kitaa, kikila miliampea 1 tu, kwa saa 12 ni kulombu 43 na wewe unazo 2. Kwenye programu zima ADC (sehemu ya kidhibiti inayopima volti), zima ulinzi wa volti wakati wa kulala, lala kwa sekunde 8 mara 112, hapo ni robo saa. Sensa ya unyevu iwashe kwa pini ya Pro Mini pale unapopima tu. Changu sasa kikilala, ukijumlisha na chaji inayovuja, kinakula kama maikroampea 15, yaani kulombu 0.65 kwa usiku.

Hatua ya 4 ndo yenye ile saa nne ya kwenye kichwa cha habari. Mimi kwa woga wa umbali niliweka SF12 (SF ni mpangilio wa LoRa, namba ikipanda ujumbe unafika mbali ila unatumwa polepole), nikijua ndo inafika mbali. Ni kweli inafika, ila ujumbe wa baiti 20 kwa SF12 unakaa hewani sekunde 1.3, kwa SF7 ni milisekunde 57. Zidisha kwa miliampea 87: SF12 kila kutuma ni kulombu 0.115, SF7 ni 0.005. Kwa SF12 ukituma mara nne kwa saa zile kulombu 2 zinaisha ndani ya saa nne kasoro, jua likizama saa 12 wewe saa nne usiku huna kitu. Kila siku ilikuwa inakata mulemule, mpaka mjomba akasema hii nayo ina saa yake ya kulala. Nikapandisha antena ya kupokea toka dirishani mpaka juu ya paa, waya tu wa sentimita 8.6 umesimama wima, nikashuka mpaka SF7 na ujumbe bado unafika. Sasa hesabu inanipa saa 26 bila jua.

Hatua ya 5, kifundishe kubana matumizi. Pima volti za kapasita kila kikiamka, zikiwa chini ya 4 tuma mara moja kwa saa, chini ya 3.7 lala tu usitume.

Maswali ya wadau

Mdau wa Kahama: mkuu mi nakaa jirani na mnara wa simu, siwezi kuvuna umeme wa mawimbi yake nikaachana na paneli?
Umeme upo ila ni wa kulambia. Kilomita moja toka mnarani, bila kizuizi, antena ndogo inakamata kama maikrowati 1 mambo yakiwa mazuri sana, na mzunguko wa kuigeuza kuwa umeme kwenye kiwango hicho unapoteza karibu yote. Kifaa changu kikiwa kimelala tu kinataka maikrowati 50. Bakia na jua.

Mdau wa Bariadi: kwa nini usiweke betri ya laptop ya zamani, ninazo kumi ziko bure
Weka, hasa kama unatuma kwa mtandao wa simu (GSM), maana ile inavuta mpaka ampea 2 kwa kushtukiza. Ila betri ya lithiamu inachaji mizunguko mia kadhaa mpaka elfu hivi, kapasita laki kadhaa, na boksi langu linashinda juani, joto ambalo betri hailipendi.

Mdau wa Mbeya: yangu asubuhi inawaka na kuzima kama mara ishirini ndo inatulia
Inaamka volti hazijatosha, inakimbilia kutuma. Kikiwaka tu kipime volti kwanza, haijafika 3.8 kirudi kulala.

Mdau wa Kahama tena: sensa inasoma udongo umelowa hata wiki mbili bila maji
Maji yameingia kwenye kingo za ile bodi. Ikaushe, pakaa rangi ya kucha kingo zote mara tatu na sehemu ya juu yenye vifaa. Halafu soma upya namba yake ikiwa hewani na ikiwa kwenye glasi ya maji.

Mdau wa Dodoma: paneli haziibiwi?
Ya kwanza iliondoka siku ya nne, ilikuwa wati 5, inachaji simu. Hii ya nusu wati wameshaiokota wakaiangalia wakairudisha.