Petti: kukata, kufuta na kunoa kisu kidogo cha Kijapani

Wajapani hukiita petti. Urefu wa makali yake mara nyingi ni kati ya milimita 120 na 150, na kazi zake ni zile ndogondogo: kumenya tunda, kutoa mbegu za pilipili hoho, kukatakata kitunguu saumu, kuondoa utando kwenye nyama. Hapa nazungumzia kile kilichofuliwa kwa mkono kwa chuma cha kaboni. Ndicho ninachokipenda kuliko kifaa kingine chochote jikoni, na ndicho kinachoharibika haraka mikononi mwa asiyekijua.

Kitazame kwanza. Mafundi wengi huweka chuma kigumu katikati na kukifunika kwa chuma laini pande zote mbili, kwa hiyo karibu na makali utaona mstari unaopanda na kushuka. Chuma kilicho chini ya mstari huo ndicho kinachokata. Huenda kikawa shirogami, ambacho hunoleka kwa urahisi, au aogami, chenye kromi na tungsteni ndani yake, ambacho hukaa na makali kwa muda mrefu zaidi. Vyote viwili ni vyuma vya Yasugi, mkoa wa Shimane. Ni vigumu kuliko chuma cha visu vya kawaida, na kwa sababu hiyohiyo humeguka vikibanwa.

Basi usikitumie kwenye mifupa wala vitu vilivyoganda. Usikipinde kikiwa ndani ya unachokata. Kata juu ya ubao wa mti, kamwe si kioo wala jiwe. Ukitaka kukusanya ulichokata, kigeuze na ukwangue kwa mgongo wake.

Kukishika ni rahisi: bana ubapa kwa kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, pale unapokutana na mpini. Usikandamize. Weka ncha juu ya kitunguu, vuta kisu kuelekea kwako, kitaingia chenyewe. Mkono ukianza kutumia nguvu, makali yamepungua.

Kukifuta hakungoji mwisho wa mapishi. Maji ya limau, nyanya na kitunguu hula chuma cha kaboni upesi, kwa hiyo mimi huweka kitambaa chenye unyevu kando ya ubao na kukifuta kila ninapobadilisha ninachokata. Baada ya muda kitapata rangi ya kijivu yenye ubuluu. Iache, inakikinga. Kutu ni ile ya rangi ya machungwa: isugue kwa magadi soda na kitambaa kibichi, kisha ukikaushe. Mashine ya kuoshea vyombo ni mwiko.

Sasa kunoa, na hapa nakuomba utulie. Chukua jiwe la kunolea la namba 1000 (namba huonyesha ulaini wa chembe zake: ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Kama ni la kulowekwa, liloweke hadi viputo viishe. Petti nyingi zina makali pande zote mbili, na pembe ya nyuzi 15 kila upande inatosha. Kwa kisu chenye upana wa milimita 28, mgongo uinuke kama milimita 7 juu ya jiwe. Weka vidole viwili juu ya ubapa, karibu na makali, na usukume polepole bila kubadilisha mwinuko huo. Ukifika kwenye mzingo wa ncha, inua mpini kidogo, la sivyo ncha itabaki butu.

Endelea hadi upande wa pili utokeze ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Hutauona vizuri, upapase kwa kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea makali, usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Utahisi kama kitu kinakwaruza ngozi. Ukiuhisi kuanzia kisigino, yaani mwisho wa makali karibu na mpini, hadi ncha, geuza upande. Usipouhisi mahali, hapo bado. Tope linalojitokeza juu ya jiwe usilioshe, linasaidia kunoa.

Maliza kwa jiwe la 3000 au 6000, mkono mwepesi sana, ukibadilisha upande kila mara hadi ule ukingo uondoke. Kijaribu kwenye nyanya iliyoiva: kiingie ganda bila kulibonyeza.

Likague na jiwe lenyewe. Likifanya bonde katikati, lisawazishe kabla ya kunoa tena, maana jiwe lenye bonde hubadilisha mwinuko wa makali hata mkono wako ukiwa imara.