Muziki, siasa na habari mtandaoni bila rangi kukukaukia

Hii ni ya sisi wachoraji tunaokaa mezani asubuhi tunasema ngoja nicheki habari dakika tano tu, kuja kushtuka saa mbili zimeyeyuka, rangi imeganda kwenye kisahani na karatasi nyeupe vilevile.

Mimi saivi mkono kwanza, simu baadae. Simu inalala chumba kingine mpaka nijaze ukurasa mmoja, hata kama nachora vidole vyangu tu. Notifikesheni za habari zima zote, usibakize hata moja, maana hiyo moja ndo itakufikisha kwenye komenti za watu wanaotukanana. Badala yake weka programu ya kusomea RSS, yaani mfumo wa tovuti kukuletea vichwa vya habari zake mpya, ni kitu cha tangu 1999 ila bado kinapiga kazi, unachagua vyanzo vyako vitano sita, vichwa vinakuja kwa kufuatana muda na ukifika mwisho ndo umefika, hakuna cha kukuvuta tena.

Muziki ndo saa yangu. Nadownlodi albamu usiku, kesho yake simu naiweka hali ya ndege, albamu ikiisha nanyanyuka naitazama kazi kwa mbali. Wakati wa kuchora mistari ya mwanzo sipigi nyimbo zenye maneno, kichwa kikiimba mkono unapotea, ila kwenye kujaza rangi piga chochote, hata mjadala wa bunge unasikilizika.

Siasa ikikupandisha hasira usiposti, chora. Mji wa Guernica kule Hispania ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, mchoraji Picasso yuko zake Paris anasoma magazeti, tarehe 1 Mei keshaanza michoro ya awali, na turubai lenyewe likaja kufika karibu mita 8 kwa urefu, nyeusi nyeupe na kijivu tupu!

Ila hakiki kwanza. Mimi nishaumbuka, nilichora mama kabeba godoro kichwani katikati ya mafuriko nikaandika "leo", mtu akanirushia picha ileile, ya miaka ya nyuma huko na nchi nyingine kabisa. Nikafuta lakini skrinshoti zilishatembea. Sasa kila picha naipakia kwenye injini ya kutafutia, naangalia ilionekana wapi mara ya kwanza. Na usiinakili picha ya mtu mstari kwa mstari, msanii wa Marekani Shepard Fairey bango lake la Obama la 2008 lilitokana na picha ya shirika la habari la AP, wakavutana mpaka 2011 ndo wakamalizana. Changanya picha tatu nne, badilisha upande wa kutazamia.

Jioni napitia RSS mara ya pili, safari hii penseli iko mkononi, habari ikinigusa naichorea kiboksi cha saizi ya stempu na tarehe pembeni. Vingi vinaishia hapohapo. Wiki hii viko kumi na moja, kimoja ndo nimekibandikia turubai jana.